Herufi Moja ya Kifua Kikuu

Mwaka 1943, katika Chuo cha Rutgers, Marekani, mwanafunzi Albert Schatz, akifanya kazi katika maabara ya Selman Waksman, alipata dawa kutoka kwa vijidudu vya udongoni. Ikaitwa streptomaisini, dawa ya kwanza iliyofaulu dhidi ya kifua kikuu.

Waingereza wakaijaribu kwa wagonjwa 107. Wagonjwa 55 walipewa dawa. 52 walipumzishwa kitandani tu, kama ilivyokuwa desturi. Baada ya miezi 6, waliotumia dawa walikuwa wamekufa 4, wenzao 14. Ushindi, si ndio? Lakini baada ya miaka 5 hesabu ilikuwa 32 kwa 35. Faida karibu yote imeyeyuka.

Kisa ni hiki. Ndani ya kila seli kuna ribosomu, kiwanda cha kutengeneza protini. Kiwanda chenyewe kina protini zake, na moja huitwa S12. Ina jamaa kila mahali: kwa bakteria, kwa hamira, kwako wewe. Hebu panga safu zao za asidi amino, moja chini ya nyingine. Utaona vipande ambavyo havijabadilika tangu enzi za babu wa viumbe vyote, kwa sababu aliyevibadilisha kwa kawaida hakuacha kizazi. Streptomaisini hushika ribosomu papo hapo, karibu na vipande hivyo.

Ungedhani mdudu amenaswa. Wapi! Nafasi ya 43 ya S12 ya bakteria wa TB ina lisini. Ikikaa arjinini mahali pake, ribosomu inaendelea kuchapa kazi, ila dawa haifui dafu tena. Kati ya mamilioni ya bakteria pafuni, wachache huzaliwa hivyo. Dawa inawafyeka wengine na kuwaachia hao shamba zima.

Dawa ikabidi zichanganywe, maana mdudu mmoja kukwepa dawa mbili au tatu kwa mpigo ni nadra. Miaka ya 1970, wagonjwa wa Afrika Mashariki, Wakenya wakiwemo, walishiriki majaribio yaliyoonyesha kwamba mchanganyiko huo unaweza kuponya kwa miezi 6, badala ya mwaka na zaidi.

Ndiyo maana daktari anakusisitizia umalize vidonge vyote hata kikohozi kikipoa. Waliobaki kifuani ni wachache, na huenda miongoni mwao yumo mwenye ile herufi.