Ile Saa Moja ya Berkeley

Diski ya kwanza iliyotolewa na IBM, mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50, kila moja upana wa inchi 24. Uzito wake ulikuwa wa takriban tani moja, na pamoja na ukubwa huo ilibeba herufi milioni 5 tu. Hiyo haikuwa ya kuchomolewa na mtu mmoja. Sisi mafundi wa seva tunaotoa diski iliyokufa kwa mkono mmoja, huku watu wa ghorofa ya juu wakiendelea kuchapa barua zao bila habari, kazi yetu ilitokana na hesabu iliyopigwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na watu watatu: David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz.

Andiko lao waliliwasilisha Chicago mwaka 1988. Wakati huo kampuni kubwa zilitegemea diski kama IBM 3380, yenye megabaiti 7,500 na bei ya kutisha. Pembeni, kompyuta ndogo za mezani zilikuwa zimezaa diski za bei nafuu, mfano ile ya kampuni ya Conner ya megabaiti 100. Unganisha 75 kati ya hizo, unapata nafasi ileile kwa umeme mdogo. Tatizo ni kifo. Diski moja ilikadiriwa kuishi saa 30,000; ukiwa nazo 100, tarajia moja kufa kila baada ya saa 300, yaani hata wiki mbili hazitimii. Kwa fundi hiyo ni ajira ya uhakika, kwa mwenye data ni msiba.

Dawa haikuwa ngeni kabisa. Kampuni ya Tandem ilikuwa ikiandika kila kitu kwenye diski mbili tangu miaka ya 1970, na Norman Ken Ouchi wa IBM alipata hataza mwaka 1978 kwa njia ya kurudisha data ya diski iliyoharibika. Watatu wa Berkeley walizipanga njia hizo katika ngazi tano, wakaziita RAID, wakazipigia hesabu.

Ngazi ya tano ndiyo niliyoishi nayo zaidi. Chukua diski nne zenye 1, 0, 1, 1. Moja zipo tatu, idadi witiri, kwa hiyo sehemu ya ziada inaandikwa 1 ili zote ziwe shufwa. Diski ya tatu ikifa, unabaki na 1, 0, 1 na ile 1 ya ziada. Moja ni tatu tena, basi iliyopotea lazima ilikuwa 1. Ndiyo siri yote, ikirudiwa mabilioni ya mara.

Wengi husimulia historia hii na kuishia hapo. Mimi huwa narudi kwenye jedwali lao: diski 100 za data katika makundi ya kumi kumi, kila kundi na moja ya ziada, zingedumu wastani wa saa 820,000 kabla ya data kupotea, zaidi ya miaka 90. Lakini walichukulia kwamba diski iliyokufa itabadilishwa na kujazwa upya ndani ya saa moja. Katika kanuni yao, muda wa ukarabati umekaa chini ya mstari wa kugawanya. Ukiufanya saa 24, ile miaka 90 inashuka hadi kama minne. Fundi yumo ndani ya kanuni yenyewe.

Kwa megabaiti 100, saa moja ilitosha. Diski ya terabaiti 16, hata ikiandikwa megabaiti 200 kwa sekunde bila kupumzika, inadai saa 22, na seva haiachi kuhudumia watu kwa sababu yako. Nimewahi kuiangalia asilimia ya kujaza upya ikiwa 43 wakati wa chai ya saa nne, nikarudi adhuhuri nikaikuta 46. Muda huo wote diski zilizobaki zinasomwa mwanzo hadi mwisho, na iliyokuwa ikijikongoja ndipo inapoanguka.

Gibson mwenyewe alirudi kwenye suala hili mwaka 2007, safari hii na Bianca Schroeder, wakichunguza rekodi za diski takriban 100,000. Watengenezaji waliahidi vifo visivyofika asilimia 1 kwa mwaka. Wao walikuta diski zikibadilishwa kwa asilimia 2 hadi 4, kwingine hadi 13, na kwamba kifo kimoja mara nyingi hufuatwa na kingine. Mafundi tulilijua hilo kwa macho: diski zilizonunuliwa siku moja katika boksi moja huzeeka pamoja. Ndiyo maana ngazi ya sita, iliyoongezwa baadaye, yenye hesabu mbili za ziada, inayostahimili vifo viwili, imeisukuma ya tano pembeni kwenye seva za diski kubwa.

Kabla ya kuchomoa, naiamuru kontrola iwashe taa ya kuitambulisha diski, kisha nalinganisha namba yake ya utambulisho na iliyo kwenye ripoti. Ukitoa nzima ukaacha mfu, kwenye ngazi ya tano umemaliza kazi ya kifo. Kinachochelewesha zaidi ni kusubiri diski mpya kwenye mzigo kutoka Dubai, huku mhasibu akiuliza, "Kwani seva imezima?" Kwa hiyo kwenye kila ombi la ununuzi naandika diski mbili za akiba, moja ikae ndani ya seva tayari, nyingine kabatini. Ya kabatini ndiyo wanayoikata kwanza.