Uji Uliokataa Kupikwa

Gesi iliniishia mwezi ukiwa katikati. Usiku nikaloweka oti kwenye chupa ya jemu, asubuhi nikakwaruzia tufaha, nikatupia njugu karanga, nikala nikikimbilia matatu. Mamangu alipoiona akaniuliza, "Sasa hii si ni uji umekataa kupikwa?"

Nilicheka, lakini swali likanifuata. Nani alianza kula hivi?

Mnamo mwaka wa 1900 hivi, Daktari Maximilian Bircher-Benner wa Zurich, Uswisi, alianza kuwapa wagonjwa wake mlo huu. Alichukua kijiko kimoja tu cha oti, akakiloweka saa 12, kisha akatia maji ya limau, maziwa mazito ya mkebe, njugu zilizosagwa na tufaha zima na ganda lake. Kumbe tufaha ndilo lililokuwa chakula, oti ni kisindikizo! Maziwa yalikuwa ya mkebe kwa sababu maziwa mabichi ya enzi hizo yangeweza kubeba kifua kikuu.

Wala hakuubuni kutoka hewani. Alikuwa ameandaliwa mlo kama huo akitembea na mkewe kwenye milima ya Alps. Yeye aliuita "chakula" tu, kwa lugha ya kwao. Jina muesli lilikuja kuenea baadaye.

Leo mkahawa fulani hapa Nairobi unaniuzia chakula hicho cha watu wa milimani kwa bei inayoweza kujaza mtungi mdogo wa gesi. Nilipomwambia mamangu, alinyamaza kidogo. "Basi endelea kuloweka," akasema, "lakini ukipata gesi, pika uji."