Sindano Mbili Kutoka Usumbura: Historia Fupi ya Skafu na Shali za Zigizaga



Katika toleo hili la kumbukumbu tumeandika habari za shule, za visima, za viongozi wa zoni na za wenzetu waliotangulia mbele ya haki. Kamati imeona si haki kufunga ukurasa bila kuitaja kazi moja inayoonekana kila asubuhi mbele ya nyumba zetu, nayo ni kazi ya akina mama wanaofuma skafu na shali za rangi nyingi zenye mistari ya kupanda na kushuka kama vilima. Sisi huiita zigizaga. Wageni huzipiga picha, huzisifia, kisha huuliza, "Mmejifunzia wapi, hapa kambini?" Jibu ni hapana. Kazi hii ina historia ndefu kuliko kambi, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya Bujumbura.

Mji wa Bujumbura, uliokuwa ukiitwa Usumbura, ulianza kama kituo cha askari wa Kijerumani mwaka 1897. Mwaka 1916 Wabelgiji waliwafukuza Wajerumani wakautawala. Wafanyabiashara na wapagazi waliosema Kiswahili walikaa pamoja, na mtaa wao ndio leo Buyenzi. Mtaa uliokuwa ukiitwa Belge ndio leo Bwiza. Humo walikaa Warundi, Wakongo, Wamanyema na watu wa Kigoma, Waislamu na Wakristo, kila mmoja na lugha ya nyumbani kwake, na Kiswahili kikiwa cha wote.

Mwaka 1946 serikali ya Kibelgiji ilifungua Usumbura nyumba ya mafunzo ya wanawake iliyoitwa foyer social, kama zilivyokuwapo katika miji ya Kongo. Walimu walikuwa wanawake wa Kibelgiji wakisaidiwa na wanawake wa Kiafrika. Walifundisha kushona, kutia viraka, kufuma, kupika, kufua, kupiga pasi na kulea watoto. Tena walipita majumbani kukagua kama mafunzo yanafuatwa. Lengo lao halikufichwa. Walitaka mke wa karani au wa fundi awe mama wa nyumba kwa desturi ya Kibelgiji, akae ndani, amtunze mume na watoto. Hawakumfundisha ili apate fedha yake mwenyewe.

Hapo ndipo tunapotaka msomaji asimame kidogo. Bujumbura uko kando ya ziwa Tanganyika, kwenye mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, na joto lake wanalijua wote waliolala huko. Nani atavaa skafu ya sufu Buyenzi saa sita mchana? Lakini panda barabara ya milimani mpaka Bugarama, au nenda Mugamba, kwenye zaidi ya mita 2,000. Huko ukungu huingia hadi jikoni na mtoto mchanga hawezi kutoka bila kofia. Kwa hiyo mwanamke aliyekaa kwenye joto akifuma alikuwa na mnunuzi kwenye baridi, na kila nyumba yenye mtoto mchanga ilimhitaji. Kazi aliyofundishwa ili akae ndani ilimfungulia njia ya soko.

Wengine husema kufuma ni kazi ya Wazungu. Hilo nalo tulisahihishe. Vipande vya zamani sana vya nguo zilizofumwa kwa sindano vilipatikana Misri, navyo vinakadiriwa kuwa vya kati ya karne ya 11 na ya 14. Ulaya ilikuja kujifunza na kuendeleza. Hata zigizaga ambayo wenzetu wengine huiona kama mchezo wa kambini imewatajirisha watu. Huko Italia, Ottavio na Rosita Missoni walianza karakana yao ya kufuma mwaka 1953 katika mji wa Gallarate, na mistari ya zigizaga yenye rangi nyingi ikawa alama ya jina lao duniani. Mistari ni ileile. Tofauti ni mahali na bei.

Sasa tueleze kazi yenyewe, maana wengi huitazama bila kuielewa. Zigizaga ni hesabu. Mfumaji huhesabu vitanzi kumi na mbili kumi na mbili. Katika kila fungu huongeza kitanzi kimoja mwanzoni, hufuma vitatu, huunganisha viwili viwe kimoja, huunganisha tena viwili viwe kimoja, hufuma vitatu, kisha huongeza kimoja mwishoni. Panapoongezwa kitambaa hupanda kikawa kilima, panapounganishwa hushuka kikawa bonde. Mstari wa kurudi hufumwa kwa upande wa nyuma bila kuongeza wala kupunguza. Ukimaliza, vitanzi lazima viwe vilevile kumi na mbili. Skafu ni vitanzi 48, yaani mafungu manne. Shali ya kujifunika mabegani ni 120. Rangi hubadilishwa kila baada ya mistari miwili au minne, na hapo ndipo uzuri unapotokea. Anayesahau kuunganisha mara moja tu ataona upande mmoja umepanuka na vilima vimelala.

Vifaa navyo vina historia yake. Sindano ni spoki mbili za baiskeli, na kwa baiskeli Bujumbura haikuwahi kupungukiwa. Spoki hunolewa kwenye jiwe hadi ncha isishike uzi, na mwisho wa pili huchomekwa kipande cha kandambili iliyochakaa ili vitanzi visidondoke. Kwa uzi mnene huchongwa sindano za mwanzi. Pini ya nepi huwekwa kila baada ya vitanzi kumi na viwili, ikawa alama ya fungu. Punje za maharage huhamishwa kutoka bakuli moja hadi jingine kuhesabia mistari. Kopo la mafuta ya mgao hutobolewa kifuniko, donge la uzi likakaa ndani na uzi ukatoka juu, safi, bila kuburutika mavumbini wala kuchezewa na watoto.

Uzi mpya ni ghali. Kwa hiyo hununuliwa sweta la mitumba, zile nguo ambazo Burundi huitwa caguwa kutokana na neno letu la Kiswahili "chagua". Mjuzi hachagui kwa rangi kwanza. Huligeuza sweta ndani nje atazame mishono. Kama vipande vilifumwa kila kimoja na kingo zake kisha vikaunganishwa, atafumua uzi mrefu. Kama vilikatwa kwa mkasi na kushonwa kwa mashine, atapata vipande vifupi visivyofaa kitu. Uzi uliofumuliwa hufuliwa, huanikwa na kuning'inizwa jiwe ili unyooke. Sweta tatu zilizotupwa na watu wa nchi za mbali hutoa shali moja ya Kirundi.

Kazi hii imekimbia pamoja nasi. Mwaka 1972 wazee wetu walivuka kuingia Tanzania, wakapelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Baada ya kuuawa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993, wakavuka wengine maelfu kwa maelfu. Machi 1995 damu ilimwagika Bwiza na Buyenzi, mitaa ileile iliyokuwa imekaa mchanganyiko, na wengi wakakimbilia Uvira. Oktoba 1996 vita vikafika Uvira nako, wakapanda mitumbwi kuja Kigoma. Mwaka 2015 tukawa tumebanana ufukweni Kagunga, kipindupindu kikituandama, mpaka meli Liemba ilipotuchukua kwa zamu. Cherehani haibebeki kwenye mtumbwi. Spoki mbili zinabebeka ndani ya kitenge.

Ndiyo maana hapa, kwenye kikao kimoja cha kufuma, utamkuta bibi wa Buyenzi, mama wa Uvira na binti aliyezaliwa kambini asiyeijua Bujumbura ila kwa hadithi. Hatusemi kwamba sindano zimeponya kila kidonda. Kuna wanaokaa kikao kimoja na bado hawajasemezana yaliyotokea mwaka 1995. Lakini wanahesabiana vitanzi, na aliyekosea huambiwa na jirani yake.

Tuna neno moja kwa wafanyakazi wa mashirika, tukilisema kwa heshima. Shirika moja lilipokuja kuorodhesha ufundi wetu, fundi seremala, mwashi na fundi cherehani waliandikiwa cheti, na wengine wakapewa vifaa vya kuanzia maisha wakirudi nyumbani. Wafumaji waliandikwa chini ya kichwa cha "burudani na faraja". Uzi ulitolewa miezi michache, mradi ukaisha, vyeti havikuja. Hatukatai kwamba kufuma kunafariji. Hata useremala unafariji. Lakini mama anayerudi Burundi bila karatasi ya kuonyesha kazi yake anarudi kama mtu asiyejua lolote, naye amelisha watoto kwa mikono yake.

Tunaomba mambo mawili. Kwanza, ufumaji uandikwe katika orodha ya ufundi, na anayepimwa akafaulu apewe cheti kama mafundi wengine. Pili, vijana wetu, wa kiume kwa wa kike, waketi na hawa bibi waandike hesabu za mishono yao kwenye daftari kabla hazijapotea. Wakati wa Wabelgiji kazi hii ilihesabiwa kuwa adabu ya nyumbani, na sasa inahesabiwa kuwa burudani. Wanaoifanya wameijua siku zote kuwa ni kazi.