Wale Waliosikiliza

Historia ya usharika kwa kawaida huandikwa kwa majina ya wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa, na kwa tarehe za kuweka mawe ya msingi. Wanakwaya nao hupata ukurasa wao na picha yao. Katika kitabu hiki cha kumbukumbu ya miaka mia moja, naomba nafasi ndogo kwa ajili ya kundi lisilopigwa picha, yaani wale walioketi wakasikiliza. Nitaanza na jambo lililotukia mbali, kisha nitarudi nyumbani Shinyanga.

Tarehe 9 Septemba 1825, katika mji wa Vienna nchini Austria, watu wachache walikusanyika katika chumba kidogo kusikiliza utungo mpya wa Ludwig van Beethoven. Vyombo vilikuwa vinne tu, vyote vya nyuzi: fidla mbili, viola na selo. Mtunzi alikuwa ameugua sana mwezi wa Aprili mwaka ule, na alipopata nafuu aliitunga sehemu ya katikati iwe shukrani kwa Mungu ya mtu aliyepona. Mwendo wake ni wa polepole, nao unafanana na korali ambazo sisi Walutheri tumezirithi. Mwanamuziki Mwingereza, Sir George Smart, alikuwapo na aliandika aliyoyaona. Kwa sababu ya joto, Beethoven alivua koti lake. Alikuwa kiziwi, akawafuata wapigaji kwa macho. Mahali pamoja hakuridhika, akamnyang'anya mmoja wao fidla ili amwonyeshe, lakini sauti aliyoitoa ilikuwa chini ya ile iliyotakiwa. Hata hivyo, asema Smart, wote waliokuwapo walimpa usikivu mkubwa.

Mimi niliusikia utungo huo katika miaka ya 1980, nikiwa mwanafunzi wa theolojia, kwa kaseti ya mwalimu wetu. Ile sehemu ya shukrani ilipokwisha, hakuna aliyesogea wala kusema neno. Mwalimu alizima mashine, nasi tukaona machozi machoni pake. Mimi, mtoto wa Kisukuma, nilistaajabu, kwa maana kwetu mtu aliyeguswa na wimbo hakai hivyo.

Wazee wetu wanajua nisemalo. Baada ya mavuno, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana uwanjani. Kila kundi huanza kupiga na kuimba upande wake, na watu wako huru kwenda watakako. Kundi linalovuta umati mkubwa zaidi ndilo linaloshinda. Msikilizaji hutoa hukumu kwa miguu yake, na akipendezwa hupiga vigelegele au huingia mwenyewe katika mchezo. Hata jembe lilikuwa na wimbo wake: katika bugobogobo watu walilima pamoja kwa mdundo wa ngoma, na aliyesikia aliinua jembe pamoja na wenzake.

Kwa kuwa wachezaji walitumia dawa za kuvuta watu, wamisionari wengi waliwakataza Wakristo ngoma hizo. Hofu yao haikuwa bure. Lakini pamoja na dawa waliitupa pia njia ya watu ya kuitikia. Baadaye walitokea waliotazama upya. Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement wa Kanisa Katoliki alizikaribisha ngoma za Kisukuma katika sikukuu ya Bulabo. Upande wetu, Mchungaji Howard Olson, aliyewahi kuishi miongoni mwa Wanyaturu wa Singida na kufundisha Makumira, alikusanya tenzi zenye sauti za kwetu katika kitabu cha Tumshangilie Mungu. Zaburi ya 150 nayo inataja vyombo vya nyuzi, ngoma na kucheza katika sifa moja, bila kuvitenga.

Hayo niliyajua kichwani. Hata hivyo, katika mwaka wangu wa kwanza wa uchungaji, kwaya ilipokuwa ikiimba, bibi mmoja alisimama katikati ya ibada, akapiga vigelegele na kuanza kusogeza miguu polepole kuelekea madhabahu. Nilimwashiria mzee wa kanisa amketishe. Aliketi. Toka siku ile sikumsikia tena akipaza sauti kanisani. Miezi kadhaa baadaye, katika mazishi yake, mwanawe aliniambia kwamba Jumapili ile ilikuwa ya kwanza mama yake kufika kanisani baada ya kulala kitandani kwa muda mrefu. Alikuwa akitoa shukrani ya mtu aliyepona.

Ndugu wasomaji, shukrani ile ile niliyoistahi katika kaseti, niliinyamazisha ilipovaa kitenge na kutembea mbele yangu. Sikupata nafasi ya kumwomba bibi yule radhi, na kwa hiyo naandika hapa. Kimya cha mwalimu wangu kilikuwa itikio la kweli, na vigelegele vya bibi vilikuwa itikio la kweli. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba heshima ina sura moja.

Leo hapa Kambarage vijana wetu wanapiga kinanda na magitaa, na siku moja huenda fidla zikasikika kanisani mwetu. Nawasihi watakaoandika kumbukumbu za miaka ijayo wasihesabu kwaya na vyombo peke yake. Waangalie pia viti vya nyuma, wamwandike aliyeinamisha kichwa na aliyeinuka. Mtunzi yule wa Vienna hakusikia hata sauti moja ya shukrani yake, bali aliwatazama wapigaji. Mchungaji naye ajifunze kuwatazama watu wake kabla ya kuwaketisha.