Kasha Linalokula Watu: Asili ya Mimiki na Suala la Upatanisho wa Kisarufi

Mwanafunzi wa fasihi anapokutana na dubwana katika kazi ya kifantasia, aghalabu hatua yake ya kwanza ni kulitafutia babu katika ngano. Kwa madubwana mengi njia hiyo ina tija, kwani joka, jini na zimwi wana nasaba ndefu katika masimulizi ya mataifa mbalimbali. Kwa mimiki, kiumbe anayejigeuza kasha la hazina ili amnase anayelifungua, njia hiyo inapotosha. Makala haya yanashikilia kwamba mimiki alizaliwa katika kanuni za mchezo, na kwamba hatuwezi kumwelewa, wala kumfasiri, bila kuzitazama kanuni hizo.

Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons, uliobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa mwaka 1974 na kampuni ya TSR ya Lake Geneva, Wisconsin, nchini Marekani. Ni mchezo wa maneno. Msimulizi mmoja hueleza mapango na mahandaki, wachezaji hutamka wanachokifanya, na kete huamua matokeo ya yale yasiyo na uhakika. Kuna kipengele kimoja ambacho wahakiki hukipita upesi mno: katika kanuni hizo za awali, mhusika alipanda daraja hasa kwa hazina aliyofanikiwa kuitoa handakini, na sarafu moja ya dhahabu ilihesabiwa kuwa pointi moja ya uzoefu. Kuua adui kulilipa kidogo. Kasha, basi, ndilo lililokuwa shabaha ya safari nzima.

Wachezaji hawakukawia kujifunza hadhari. Walipapasa sakafu kwa mti mrefu kabla ya kukanyaga, na walitega sikio mlangoni kabla ya kuingia chumbani. Waandishi wa kanuni walijibu kwa kubuni viumbe. Katika Monster Manual ya mwaka 1977 yumo mdudu anayeishi ndani ya mbao na kuingia sikioni mwa mtu anayesikiliza mlangoni. Sidhani kama kuna haja ya kumtafutia mdudu huyo asili katika ngano yoyote. Ni dhahiri kwamba alitungwa ili kuiadhibu tabia fulani ya wachezaji. Mimiki, anayeelezwa katika kitabu hicho hicho, ni ndugu yake. Mmoja humwadhibu mwenye hadhari kupita kiasi, na mwingine humwadhibu mwenye pupa.

Mimiki wa 1977 si yule anayejulikana leo. Ni kiumbe wa chini ya ardhi asiyestahimili mwanga wa jua, awezaye kuiga jiwe au mti. Kwa hiyo anaweza kuwa mlango au ukuta sawasawa na kasha. Silaha yake ni gundi: anayemgusa hunata, kisha hupigwa. Tena wako wa aina mbili. Wakubwa ni wauaji, lakini wadogo wana akili, husema, na wakipewa chakula huwa marafiki na kuwasimulia wapitanjia waliyoyaona karibu na hapo. Mwaka 1983 Ed Greenwood alimwandikia makala katika jarida la Dragon akimchukulia kama mnyama mwenye mazingira na mienendo yake, kama mwanabiolojia afanyavyo.

Michezo ya kompyuta ilimpunguza. Katika Dragon Quest III ya mwaka 1988, iliyochorwa na Akira Toriyama, na baadaye katika Dark Souls ya 2011, mimiki ni kasha tu, lenye meno na ulimi. Sababu, kwa maoni yangu, ni ya kiufundi. Kwenye skrini, ukuta haumwiti mchezaji kufanya lolote, ilhali kasha humwalika abonyeze kitufe. Mimiki msemaji, mwombaji chakula, alipotea njiani, nasi tumepoteza mhusika wa kuvutia.

Msomaji wa ngano zetu atamkumbuka zimwi anayejigeuza kijana mtanashati akamwoa binti aliyewakataa wachumba wote. Kufanana kupo, lakini ni kwa juu juu. Zimwi yule huja kwa sababu ya kiburi cha binti, na ngano humwachia alama za kumtambua. Mimiki hajui lolote kuhusu maadili ya anayemfungua. Angemla mnyenyekevu vilevile.

Tatizo letu hasa liko katika sarufi. Mezani, mimiki hana umbo isipokuwa lile analopewa na kauli ya msimulizi. Kiingereza kina kiwakilishi kimoja kitumikacho kwa kitu na kwa mnyama, hivyo hila hubaki salama hata kasha linapoanza kusogea. Kiswahili hakitoi maficho hayo. Msimulizi akisema “kasha limefungwa”, kiambishi li- kimekwisha kuwa sehemu ya hila. Akiteleza akasema “kasha amefungwa”, ameifichua kabla mtu hajagusa kifuniko. Kiswahili Sanifu kinadai kiumbe hai apatanishwe kwa a-, hata umbo la nomino likiwa la ngeli nyingine: kifaru amelala, si kimelala. Methali, hata hivyo, zimehifadhi uhuru mwingine. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kikulacho ki nguoni mwako. Katika methali hii ya pili mlaji hubaki kitu, asiyetambulika kuwa ni nani, na hapo ndipo ilipo nguvu yake.

Napendekeza mfasiri atumie li- mpaka pale mkono unaponata, kisha ahamie a-. Mabadiliko hayo ya kiambishi yatafanya kazi ambayo Kiingereza hulazimika kuifanya kwa maelezo marefu. Yana gharama yake, hata hivyo. Katika sentensi “Juma alilishika kasha, kasha likamshika, akafumbua kinywa”, haijulikani aliyefumbua kinywa ni nani: Juma anayepiga yowe, au kasha linalojiandaa kumla. Mfasiri itambidi alirudie jina la mmojawapo, na mimi ningelirudia la Juma, ili kasha liendelee kunyamaza kwa sentensi moja zaidi.