Fahamu Mbinu za Kulaza Mabomba ya Gesi na Mafuta Chini ya Bahari

Gesi asilia inayosafishwa katika Kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, mkoani Lindi, hupita takriban kilomita 25 chini ya bahari kabla ya kufika nchi kavu eneo la Somanga Fungu, na kutoka hapo husafiri kwa bomba la nchi kavu hadi Dar es Salaam. Bomba la kwanza la baharini katika njia hiyo, lenye kipenyo cha inchi 12, lilianza kazi mwaka 2004. Bomba la pili, lenye inchi 24, ni sehemu ya mradi wa bomba la Mtwara hadi Dar es Salaam uliozinduliwa Oktoba 2015. Sehemu ya umeme unaotumika nchini huzalishwa kwa gesi, hivyo usalama wa mabomba hayo unamgusa kila mwananchi.

Makala haya yanaeleza namna mabomba ya aina hiyo yanavyolazwa na kulindwa.

Maandalizi kabla ya kulaza

Kazi huanza kwa upimaji wa sakafu ya bahari. Wataalamu hutumia mawimbi ya sauti kuchora ramani ya miinuko, mabonde, miamba, matumbawe na mabaki ya meli zilizozama, kisha huchagua njia isiyo na vikwazo vikubwa. Sakafu ikiwa na mabonde, bomba huning'inia bila kuegemea kitu, na mikondo ya maji huweza kulitikisa hadi chuma kichoke na kupasuka.

Mabomba yenyewe hutengenezwa kwa vipande vya chuma vyenye urefu wa takriban mita 12. Kila kipande hupakwa tabaka la kuzuia kutu, na mabomba makubwa huongezewa gamba la zege. Zege hilo huongeza uzito, kwa kuwa bomba lililojaa gesi huweza kuelea. Aidha, hulikinga dhidi ya kugongwa. Vipande vya aluminiamu au zinki hufungwa kwenye bomba kila baada ya umbali fulani ili viliwe na kutu badala ya chuma.

Mbinu kuu nne

Mbinu ya kwanza, na inayotumika zaidi, hujulikana kwa umbo la herufi S. Vipande vya bomba hulehemiwa vikiwa vimelala juu ya sitaha ya meli, katika vituo vinavyofuatana. Kila kiungo hukaguliwa, kisha meli husogea mbele kwa urefu wa vipande vilivyoungwa na bomba kuteremka nyuma yake. Bomba hupita juu ya mkono mrefu wa chuma uliopinda, hushuka majini, kisha hupinda tena linapokaribia sakafu. Mashine zenye nguvu hulishika bomba muda wote ili lisivunjike kwa uzito wake. Mbinu hii ni ya haraka na hufaa mabomba makubwa, lakini kadiri kina kinavyoongezeka ndivyo uzito unaoning'inia unavyokuwa mkubwa na mkono huo unavyohitaji kuwa mrefu zaidi.

Mabomba mawili ya Nord Stream katika Bahari ya Baltiki, yaliyokamilika mwaka 2011 na 2012, yalilazwa kwa njia hiyo. Kila bomba lina urefu wa kilomita 1,224 na takriban vipande 100,000, na kila kipande kilikuwa na uzito wa takriban tani 24 baada ya kuwekewa zege.

Mbinu ya pili ni ya umbo la herufi J. Hapa bomba huungwa likiwa limesimama ndani ya mnara ulio juu ya meli na kushuka karibu wima, hivyo hupinda mara moja tu linapofika chini. Kwa kuwa nafasi ya kulehemu ndani ya mnara ni ndogo, kasi ya kazi hupungua. Hata hivyo, ndiyo mbinu inayofaa zaidi maji ya kina kirefu. Bomba la Blue Stream, linalounganisha Urusi na Uturuki chini ya Bahari Nyeusi, lilifika kina cha mita 2,150 kwa mbinu hiyo.

Mbinu ya tatu ni ya kuzungusha bomba kwenye gurudumu kubwa, mfano wa uzi kwenye kibiringo. Bomba hulehemiwa nchi kavu, huzungushwa kwenye gurudumu, na baharini hukunjuliwa, hunyooshwa na kulazwa. Kwa kuwa kazi ya kulehemu imekwisha kufanyika, ulazaji huenda haraka sana. Hata hivyo, mbinu hii hufaa mabomba membamba tu, na bomba haliwezi kuwekewa gamba la zege kwa sababu litapasuka linapokunjwa. Chimbuko lake ni Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka 1944 Uingereza ilizungusha mabomba ya chuma ya inchi 3 kwenye mapipa makubwa yaliyoelea, ikayakokota kuvuka mlango wa bahari hadi Ufaransa ili kupeleka petroli kwa majeshi.

Mbinu ya nne ni ya kukokota. Bomba huunganishwa ufukweni, huwekewa maboya, kisha huvutwa na tagi hadi mahali pake na kuzamishwa. Hutumika zaidi kwa masafa mafupi na maeneo ya karibu na pwani.

Baada ya kulazwa

Bomba likishatulia, huweza kufukiwa kwenye mtaro au kufunikwa kwa mawe, hasa karibu na pwani na katika njia za meli. Hujazwa maji na kupimwa kwa shinikizo kubwa kuliko lile la kazi, kisha hukaushwa kabla ya kuingizwa gesi. Baadaye hukaguliwa na vyombo vinavyoongozwa kutoka juu ya meli.

Umuhimu kwa Tanzania

Gesi iliyogunduliwa katika kina kirefu nje ya pwani za Lindi na Mtwara ipo mahali ambapo baadhi ya visima vina maji yanayozidi mita 2,500. Kuifikisha kwenye mtambo uliopangwa kujengwa Likong'o, mkoani Lindi, kutahitaji mabomba ya kina kirefu, na uchaguzi wa mbinu utaamua gharama na muda wa kazi.

Wajibu wa watumiaji wa bahari

Oktoba 2023, bomba la gesi la Balticconnector kati ya Finland na Estonia liliharibiwa na nanga ya meli iliyoburutwa sakafuni. Bomba hilo lilirejea kazini Aprili 2024, takriban miezi sita baadaye. Nanga moja ilitosha kukata njia ya gesi kati ya nchi mbili.

Manahodha, wavuvi na wamiliki wa vyombo wanapaswa kufahamu maeneo yaliyooneshwa kwenye ramani za bahari kuwa yana mabomba, na kuepuka kutia nanga au kuburuta nyavu katika maeneo hayo. Anayeona mapovu yasiyo ya kawaida yakitoka baharini karibu na njia ya bomba asisogee wala kuwasha moto, bali aondoke eneo hilo na kutoa taarifa mara moja kwa uongozi wa kijiji, polisi au mamlaka za bandari.