Siku 14 za Ziada

Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia viliisha 11 Novemba 1918. Ndivyo tulivyojibu kwenye mtihani, tukapata maksi zetu. Lakini huku Afrika Mashariki, jeshi la Mjerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck liliweka silaha chini 25 Novemba, kule Abercorn, ambako leo ni Mbala nchini Zambia. Siku 14 za ziada. Mpagazi aliyekufa kwa kuhara damu ndani ya siku hizo alifia vita ambavyo Ulaya ilishasema vimeisha.

Nilikuwa nishaacha chuo niliposoma Afterlives, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka 2020, na ndiyo iliyonifanya nizitilie shaka hizi tarehe zetu safi.

Ilyas, kijana wa pwani ya Tanganyika, anajiunga na askari wa Mjerumani na kumwacha dadake, Afiya. Vita vinaisha, Ilyas harudi. Barua hakuna, kaburi hakuna. Afiya anaolewa, anazaa mtoto wa kiume, anampa jina la kakake. Mwingereza anatawala, anaondoka. Afiya bado hajui. Ni huyo mwanawe, akiwa masomoni Ujerumani Magharibi, anayegundua kwamba mjomba alifia kambi ya Sachsenhausen, karibu na Berlin.

Sasa niambie, Ilyas alikufa lini? Kwa karatasi za Wajerumani, kuna tarehe. Kwa dadake, alikuwa hajafa na pia hajapona, miaka nenda miaka rudi. Hakuna matanga ya mtu ambaye labda atabisha hodi kesho.

Na si hadithi tu. Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, alikuwa askari mtoto katika vita hivyo. Alihamia Ujerumani 1929, akaigiza kwenye filamu na kufundisha Kiswahili mjini Berlin. Alifia Sachsenhausen, Novemba 1944.

Yeye angalau ana jina na tarehe. Wapagazi wa Carrier Corps je? Makanga wa matatu hulitaja jeshi lao kila siku, "Kariokor! Kariokor!", bila kujua anaita wafu. Sanamu yao pale Kenyatta Avenue haina jina la mtu hata mmoja. Mwaka 2021, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

John Mbiti, mwanafalsafa wetu, aliandika mwaka 1969 kwamba marehemu hubaki ndani ya Sasa mradi yupo anayemkumbuka kwa jina. Wa mwisho kumjua akifa, ndipo anazama kwenye Zamani. Nikimsoma Gurnah baada ya Mbiti, naona kifo kina muda wake, na muda huo unaweza kuwa mrefu kuliko maisha yenyewe. Kitabu cha historia hunipa siku ya risasi. Riwaya hunionyesha ile miaka 40 ya mtu kutazama mlango.

Kwa hivyo, kama kwenu kuna babu wa babu anayetajwa tu kwamba "alienda Kariokor akapotea", uliza aliitwa nani. Uliza mapema, bana. Huenda nyumba nzima amebaki mmoja tu anayejua.